Jina Lililotangulia Lako

Adventina, mwana wange,

Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea. Ya jioni utanipa ukirudi kutoka Igurwa kwa shangazi yako, kama bado utataka kunipa. Nimekaa kwenye benchi la jikoni, jua bado liko juu ya migomba, na nimechukua daftari lako la zamani la hisabati lililobaki na kurasa chache nyeupe. Nimejiambia nisizidi hizo. Unanijua, nikiachiwa daftari zima nitaanzia siku uliyozaliwa.

Na kweli siku ile ulilia kuliko watoto wote wa zahanati, mpaka muuguzi akaniuliza kama nimezaa mtoto au kengele ya kanisa. Hilo niache niliseme, halafu nitanyamaza kujisifu. Nitajaribu.

Kuhusu safari yako ya masomo, habari za sweta, chakula na sala tumekwisha zungumza hadi umeanza kunijibu "ndiyo mama" kabla sijamaliza. Sizirudii. Hiki ninachokuandikia sijawahi kukisema, na nimekikalia mwaka mzima na zaidi kama mtu aliyekalia nyoka kwenye mkeka akiogopa kuinuka mbele ya wageni.

Onesmo hakukuacha. Mimi ndiye niliyemwondoa.

Soma tena kama hukuelewa, kisha uendelee. Ukiliweka daftari chini hapa hapa sitakulaumu, lakini ningependa ujue ilivyokuwa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Unakumbuka nyie wawili mlivyokuwa mkiandika hesabu kwa kidole kwenye vumbi, pembeni ya mikeka ya kahawa. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa akilima kibarua kwenye kibanja chetu, na Onesmo alikuja naye siku zisizo za shule. Baba yako, naye sasa marehemu, alipenda kuwatazama. Mimi sikupenda. Chakula chao nilikipeleka mlangoni pa jiko, chako nilikuwekea mezani, na wewe ulibeba sahani yako ukaenda kukaa nao. Nilikugombeza. Nilisema ni kwa sababu ya nzi.

Darasa la sita yeye akawa wa kwanza, wewe wa pili. Hujui kwamba nilikwenda shuleni. Nilivaa kitenge cha Pasaka, nikamwomba mwalimu ahesabu upya. Akahesabu mbele yangu, taratibu, kwa kalamu nyekundu. Mkatoka vile vile. Nikarudi nyumbani na kuwaambia majirani kwamba mlilingana ila mwalimu alichanganya karatasi. Huo ni uongo wangu wa kwanza juu ya Onesmo, na uliniingia kirahisi sana.

Sasa mwaka jana. Wewe ulikuwa umerudi likizo kutoka chuoni ili uandike kwa utulivu, yeye akifundisha hisabati sekondari kule Nkwenda, na kila Jumamosi akija na pikipiki mnakaa sebuleni na makaratasi yenu. Niliuliza ni kazi gani, ukanieleza kwa gari la kukusanya kahawa. Ulisema: mama, dereva yuko njiani, anapigiwa simu na mtu wa Kituntu mwenye magunia mawili. Aende sasa, au asubiri labda na jirani yake atapiga? Hajui nani atapiga kesho. Nyie mlikuwa mmepata njia ya dereva huyo kuamua bila kujua ya mbele, na bado asipate hasara kubwa akilinganishwa na dereva mwingine aliyeonyeshwa simu zote tangu mwanzo. Hiyo njia ndiyo mnayoiita algorithimu. Wewe uliipata njia. Onesmo akathibitisha kwamba hakuna mtu duniani, hata awe na kompyuta kubwa namna gani, anayeweza kupata njia nzuri kuliko hiyo.

Nilikuuliza, "Hakuna hata mmoja?"

Ukasema, "Hata mmoja, mama. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na ni yake."

Nililisikia hilo la "ni yake". Nikalipitisha sikio la pili. Nililobaki nalo ni kwamba kazi itakwenda kwenye mkutano wa wataalamu wa algorithimu kutoka nchi zote, na mwanangu mimi, Paskazia wa darasa la saba, ndiye kaiandika. Mkutano wenyewe sikuuelewa. Nilidhani ni kama sinodi ya maaskofu. Lakini nilijua kujisifu nao, na nikajisifu sokoni, kisimani, na hata kwa yule fundi wa baiskeli asiyesikia vizuri.

Alhamisi ile wewe ulikuwa umelala mchana kwa uchovu. Ile nakala uliyoichapisha mjini Omurushaka ili uisahihishe kwa kalamu ilikuwa mezani. Nikaifunga kwenye kanga nikaenda nayo kwenye jumuiya, kwa Mama Koku. Baada ya sala nikaitoa. Nikasema tazameni, hii ndiyo inayokwenda. Ikapita mkono kwa mkono, wanawake wakaitazama zile alama kama watu wanaotazama nyayo za mnyama wasiyemjua. Ikamfikia Mama Koku mwenyewe, akavaa miwani.

"Mama Adventina," akasema, "unasema ni kazi ya mwanao. Mbona hapa kwanza wamemweka Bigirimana? Tibesigwa ndiye wa mwisho."

Nikasema hajasoma vizuri.

"Nimesoma. Onesmo Bigirimana, halafu Adventina Tibesigwa. Huyu si mtoto wa yule aliyekuwa anakulimia?"

Mwingine akadakia, "Labda Adventina alikuwa anamchongea penseli."

Wakacheka. Nikiwa mkweli, halikuwa cheko la ubaya. Lilikuwa cheko la wanawake waliochoka kunisikia. Ningecheka nao ingekwisha pale. Lakini mimi nimezaliwa na kukulia hapa ambapo mtu anajua nafasi yake kwa mahali alipoketishwa na kwa zamu ya kupokea kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wa kwanza ni wa kwanza. Wa mwisho ni yule aliyefika bila kualikwa. Nikaona wamekuketisha mlangoni, mwanangu, na kiti chako kapewa mtoto wa kibarua.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Onesmo.

Alikuwa akipukuchua maharage. Akainuka, akanifutia kigoda kwa upande wa kanga yake, akaniletea akamwani kwenye kile kikapu kidogo, kama inavyopasa kumpokea mgeni. Unajua maana ya kukataa kahawa ya kutafuna nyumbani kwa mtu. Nikakataa.

"Sikuja kutafuna kahawa. Nimekuja kuuliza Onesmo amejiweka juu ya mwanangu kwa kibali cha nani."

"Juu wapi, dada?"

"Kwenye karatasi. Jina lake limetangulia."

"Mimi karatasi sizijui. Labda wamepatana wenyewe."

"Mumeo alilima kwangu miaka mingapi? Uliwahi kumwona akikaa kiti cha mbele? Mwanangu anamshika mkono mwanao kwa huruma, naye anapanda mabegani."

Akakiweka kile kikapu chini. Hapo ndipo ningeondoka. Nikaongeza.

"Mkumbuke mlikotoka."

Adventina, wewe ulisoma na watoto wao, unajua neno hilo kwa watu ambao babu zao walitoka ng'ambo ya mpaka lina uzito gani. Si neno la kugombania karatasi. Ni neno linalomfanya mtu atazame nyumba yake aliyoijenga, migomba yake aliyoipanda, na kujiuliza kama ni vyake. Nami nilijua. Sitajificha kwenye hasira. Nililichagua kwa sababu nilijua litamwingia.

Alisema tu, "Nitamwambia." Akarudi kwenye maharage yake.

Kesho yake asubuhi ukapata ujumbe wa Onesmo. Ulinisomea ukiwa umesimama mlangoni, mswaki mkononi: endelea mwenyewe, jina langu litoe, sehemu yangu itumie, nakutakia heri. Ukampigia, hakupokea. Ukapiga mchana, ukapiga jioni. Ukaniuliza, "Mama, nimemkosea nini?"

Nikasema, "Labda shule imemchosha."

Zilikuwa zimebaki siku tano.

Siku mbili baadaye nikataka kujihakikishia kwamba nilifanya haki. Nikakuuliza nikijifanya sina habari, "Hivi kwa nini jina lako waliliweka mwisho?" Ukacheka, kicheko cha kwanza tangu ujumbe ule. Ukasema kwenye fani yenu hamwangalii nani mkubwa. Majina hupangwa kwa alfabeti. B iko mbele ya T, basi, hata profesa mkubwa akiitwa kwa Z anakaa mkiani. Halafu ukaniambia lingine, ambalo nililiona kama kofi: nakala inayotumwa kuhakikiwa haina jina la mtu yeyote. Wenyewe wanayaficha majina ili wanaoisoma wapime kazi bila kujua ni mtoto wa nani.

Mtoto wa nani. Na mimi nilikuwa nimetoka kwa Mama Onesmo nikipigania hilo hilo.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Si pale kwenye maharage. Pale nilikuwa mjinga, na ujinga naweza kuukiri kwa padri nikatoka nikala chakula. Lakini kuanzia dakika ile uliyocheka, nilijua. Nilikuwa na siku tatu mkononi. Kwao ni mwendo wa kumaliza rozari moja. Ningekwenda, ningesema neno moja, Onesmo angepanda pikipiki. Nilivaa viatu mara mbili. Mara ya kwanza nikajiambia mvua inakuja. Mara ya pili hakukuwa hata na mawingu, nikavivua bila kujiambia kitu.

Siku ya mwisho ulinieleza kwamba mkutano unasubiri mpaka kona ya mwisho kabisa ya dunia imalize siku yake, kwa hiyo kwetu ni hadi alasiri ya kesho yake, saa tisa kasoro dakika moja. Ulikaa hapa hapa nilipokaa sasa, kompyuta magotini. Mimi nilikuwa namenya ndizi.

Nikakuambia, "Si amekuruhusu? Tuma."

"Nusu ni yake, mama. Nikituma bila jina lake nimeiba."

"Lakini kakubali mwenyewe."

"Mtu akikuruhusu umwibie, bado umemwibia."

"Basi weka jina lake hivyo hivyo."

"Hawaruhusu kumwandikisha mtu aliyekataa."

Hukuinua hata macho. Mimi nikaendelea kumenya. Nilimenya ndizi kuliko sufuria yetu inavyobeba. Nilichokitaka kwa Mama Onesmo, jina lako peke yako, kilikuwa mbele yako, kinahitaji kidole kimoja, nawe ukakikataa kwa sababu nilikulea vizuri au kwa sababu baba yako alikulea vizuri, leo sijui tena. Saa tisa ikapita. Ukaifunga kompyuta polepole, ukachukua kisu, ukaanza kumenya pamoja nami. Ukalitazama lile rundo, ukaniuliza, "Tuna wageni wangapi?"

Nilitaka kufa pale.

Na baada ya hapo niliongeza dhambi juu ya dhambi. Uliposema kwa uchungu kwamba Onesmo si mtu wa kutegemewa, ningeweza walau kukaa kimya. Nilisema, "Watu wa namna ile ndivyo walivyo." Ukanitazama vibaya, lakini hukubisha. Wewe ambaye ulibeba sahani yako kwenda kukaa nao, hukubisha. Nikaona neno langu limeanza kuota kwako.

Juma lililopita ukiwa unapanga begi uliniambia kuna watu huko nje ya nchi ulikopata nafasi ya masomo wanalichunguza swali hilo hilo, na wakiwatangulia, kazi yenu itakuwa karatasi ya kufungia karanga. Nikakuuliza kwa nini usiitume mwaka huu, mlango wa mkutano si unafunguliwa tena? Ukasema, "Siigusi. Nitaanza jingine." Na namba ya Onesmo umeifuta. Ukaliviringa sweta jekundu, ukalisukumia pembeni ya begi kama vile ndilo lililokukosea.

Jumapili baada ya misa nikaenda. Mama Onesmo alikuwa anapalilia, hakuacha jembe.

Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi."

"Kwangu au kwa mtoto?"

"Kwenu wote."

"Mimi nilikwisha maliza. Kinyongo kinamnyima mtu usingizi, na mimi nina shamba la kulima asubuhi." Akapalilia hatua mbili tatu. "Lakini unajua kwa nini Onesmo hakumwambia Adventina sababu?"

Nikasema sijui.

"Nilimuuliza hivyo. Akasema, 'Mama, nikimwambia atagombana na mama yake, na baba hana tena.' Mwaka mzima, Mama Adventina, mwanangu amekutunzia heshima. Mwanao anamwona msaliti, naye kanyamaza. Sasa mimi nimechoka kumwona hivyo. Heshima yako itunze mwenyewe."

Nikamuuliza kama Onesmo bado anayo yale makaratasi. Akasema Jumamosi anakuja nayo, anakaa nayo, anayarudisha kwenye mfuko. Nikataka kumwambia kwamba na wewe hujatupa yako, kwamba nimeyaona chini ya godoro, kwamba mwanangu ana akili kuliko... nikajizuia. Ni mara ya kwanza nimejizuia, na yeye aliona, maana alicheka kidogo.

Sina hekima ya kukupa hapa. Nimeitafuta tangu Jumapili. Nilidhani mtu akikosa hivi anapata walau methali. Ninalojua ni dogo: siku tatu zile hazikuwa ngumu. Hilo ndilo linalonitisha. Nilipika, nikafagia, nikasalimia watu, nikala vizuri. Ukiwa huko utafanya kosa lako, maana wewe ni damu yangu, na siku utakayolijua itafanana na siku nyingine zote. Usisubiri moyo uume ndipo uvae viatu.

Kwa kesho nilikuwa nimealika watu. Jumuiya nzima, mbuzi, na mimi nilikuwa nimejiandalia maneno ya kusema, marefu, unaweza kuyadhani. Leo asubuhi nilipita nyumba kwa nyumba nikawaambia hakuna. Mama Koku akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ila lile jina la kwanza lilikaa kwanza kwa sababu ya alfabeti, na kwamba nilikwisha jua zamani nikanyamaza. Akavua miwani. Mimi nikaenda nyumba inayofuata.

Kwa hiyo asubuhi yako ni tupu. Gari la Bukoba ni la mchana, ndege ni keshokutwa. Mwenye pikipiki atakuwa hapa saa kumi na mbili, na nimempa kazi ya kukusubiri tu, sijamwambia wapi. Onesmo yuko Nkwenda, nyumba za walimu, ya pili kutoka kisimani. Namba yake ameiandika mama yake, nimeibana nyuma ya ukurasa huu kwa sindano. Onesmo hajui kwamba nakuandikia. Huenda akakukatalia, ana haki hiyo, na mimi ndiye niliyempa.

Usinisamehe kwa haraka kwa sababu unasafiri. Nikifanyiwa hivyo nitajua, na nitaanza kujisifu tena kwamba nina mtoto mwenye moyo mkubwa. Kasirika kadiri inavyostahili. Ukitaka kuondoka bila kuniaga, niage kwa simu ukifika, hata baada ya mwezi. Ila yeye usimuache tena na kimya changu.

Kesho watu watapita hapa kuuliza uko wapi, maana begi lako wataliona bado lipo. Nitawaambia umekwenda Nkwenda kumwomba mwenzako radhi kwa kosa la mama yako. Nitalisema kwa sauti ile ile niliyokusifu nayo, na kwa kila atakayeuliza, mpaka na fundi wa baiskeli asikie.

Mama yako,
Paskazia